Zohali Haikutulia

Daftari langu la kiangazi kile lina safu sita: saa, upepo, moshi, umeme, muda ambao kioo kilikaa nje kupoa, na matokeo. Safu ya matokeo ndiyo inayosomeka upesi kuliko zote, kwa kuwa karibu kila jioni niliandika neno lile lile: imetetemeka. Jumatatu, imetetemeka. Jumatano, imetetemeka. Ijumaa umeme ulikatika kompyuta ikiwa na chaji kidogo, na hata kile kidogo nilichopata kimetetemeka.

Tabia hii ya daftari nimeitoa kazini. Naandaa na kusoma habari katika redio ndogo ya hapa Likasi, na mkuu wangu wa kwanza alinizoeza kwamba jambo ambalo hukuliandika pamoja na saa yake usilisome hewani. Kwa hiyo nilipoanza kupiga picha za sayari kutoka uani kwetu, mtaa wa Kikula, nilinunua daftari kabla sijajua hata kukaza skrubu za darubini.

Darubini yenyewe niliipata kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ni bomba jeupe lenye kioo cha upana wa kiganja ndani yake, limekaa juu ya miguu mitatu, mmoja umefungwa kwa waya. Pale ambapo mtu angeweka jicho, mimi nachomeka kamera ndogo, na waya wa kamera unaingia kwenye kompyuta. Kamera hairekodi picha moja. Inarekodi video ya dakika mbili, yenye maelfu ya picha, kisha programu inachagua zile zilizotulia na kuzilaza moja juu ya nyingine mpaka itoke moja iliyo safi. Hewa ikitulia vipande vichache vya sekunde, inatosha. Hivyo vipande vichache ndivyo nilivyovikosa mwezi wa saba wote.

Nilivihitaji kwa ajili ya mama.

Siku ya komunyo ya kwanza ya dada yangu, baba alisimama mbele ya wageni, glasi ya bia mkononi, akawaambia kwamba kuna nyota huko juu inayovaa pete. Baba alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba na alipenda kusoma magazeti ya zamani aliyoyaokota kiwandani. Mama alikuwa anagawa bukari, ugali wetu. Hakuacha hata kuinama. Akauliza kwa sauti: “Na bwana yake ni nani?” Wageni walicheka mpaka mmoja akamwaga mchuzi. Baba akaketi. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kwamba hakuimaliza ile glasi, na kwamba tangu siku ile hakuzungumza tena habari za nyota nyumbani kwetu.

Sasa baba amelala makaburini, na mama, aliyeishi nami tangu mazishi, alikuwa anajiandaa kuhamia Kapolowe, ambako dada yangu mkubwa analima na alikwisha kumtengenezea chumba. Angeondoka mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Jioni moja, aliponiona nafungua sanduku la darubini, alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

“Nilimuaibishaka baba yako mbele ya bantu. Kama ile nyota iko kweli, unipatie foto yake. Nitaenda kumuonyesha kule kwenye analala, mbele niende.”

Nilimwonyesha picha za Zohali kwenye simu, mia moja ukitaka, zenye rangi kama za kitenge. Akazisukuma.

“Mu telefone banaweza kukuwekea hata kichwa ya mbuzi. Minye nataka yenye umepiga hapa, mu parcelle yetu.”

Nikamwinamisha kwenye darubini, pale pale uani, aangalie mwenyewe. Macho yake yana ukungu wa uzee na shingo haikubali. Alishika bomba ili asianguke, Zohali ikakimbia, na alichoona kilikuwa, kwa maneno yake, tochi ya mlinzi. Kwa hiyo ilibaki foto. Foto moja, kubwa, ya kushika mkononi, kabla ya mwezi wa tisa.

Nilianza kazi kama ninavyoanza habari yoyote isiyoeleweka: nikawaandika washukiwa.

Wa kwanza alikuwa vioo. Ndani ya darubini hii kuna viwili, na visipoangaliana sawasawa picha inapinda. Nilivinyoosha siku tatu mfululizo, mchana, kwa bisibisi ya saa na uvumilivu ambao sina. Imetetemeka. Wa pili alikuwa joto la kioo kikubwa. Nikaanza kutoa darubini nje mapema, jua linapozama, ili kioo kipoe kabla ya kazi. Imetetemeka. Wa tatu, malori ya chokaa yanayotoka upande wa Kakontwe na kutikisa barabara yetu. Niliyahesabu, nikarekodi yakiwa hayapiti. Imetetemeka. Nikashuku mabati ya nyumba ya jirani, ambayo hushinda juani na kupumua joto jioni, nikahamisha miguu mitatu kutoka pembe moja ya ua hadi nyingine mpaka majani yote yakafa. Imetetemeka.

Nataka nieleze kwa usahihi ilivyokuwa, kwa sababu mtu akisikia “imetetemeka” anaweza kufikiri ni jambo dogo. Kwenye kompyuta Zohali ilionekana kama yai lililopasuliwa kwenye mafuta ya moto. Pete ilikuwapo, nusu sekunde, kisha inakunjika, inajaa, inarudi kuwa yai. Unaweka kidole kwenye kifundo cha kuisogeza, kwa sababu dunia inazunguka na sayari haikungoji, unaisogeza, inatetemeka pamoja na kidole, unatoa kidole, inaendelea kutetemeka. Baadaye unaiachia programu ichague picha nzuri, nayo inachagua zile mbaya kidogo.

Baridi ya mwezi wa saba nayo si mzaha huku kwetu. Mchana umevaa blauzi; jua likizama unatafuta koti la mume. Wangu anafanya kazi Kolwezi na alikuwa ameniachia moja. Mama hakuamini koti. Kila jioni, mara tu baada ya kula, aliwasha mbaula, lile jiko la bati lililotobolewa matundu, akalijaza makala, yaani makaa, akalipepea mpaka yakawa mekundu, akalileta uani na kuliweka chini ya ukuta. Kisha akaleta kiti chake kidogo.

“Mutu hakae inje bule bule mu baridi,” alisema. “Songa pa moto.”

“Nafanya kazi, Mama.”

“Fanya. Minye nakuangalia moto.”

Aliuweka pale ukutani, upande wa mashariki, kwa sababu upepo haufiki na makala hayaliwi haraka. Alijua kutunza makala. Tulikaa hivyo, mimi kwenye kompyuta, yeye akichokoa majivu kwa kijiti na kuniambia nani alizaa nani katika nyumba za kiwanda za zamani. Mara nyingine aliuliza: “Imetulia?” Nikasema hapana. “Itatulia,” akasema, akaongeza makala.

Jirani yetu anachoma chokaa Kakontwe. Si mfanyakazi wa kiwanda. Ana tanuru lake la mawe, yeye na shemeji yake, na wanauza chokaa kwa magunia. Ni mtu wa kanisa la uamsho, mwenye sauti ya kuhubiri hata anapoomba chumvi. Darubini yangu ilimfurahisha kupita kiasi.

“Mama Journaliste!” aliniita juu ya ukuta. “Leo cobalt ya mbinguni iko bei gani?”

“Haijafika sokoni, Papa.”

“Sawa, ikifika, unihifadhie gunia moja. Na kama unaona Yesu anashuka, usipige foto kwanza. Unipigie telefone.”

Mama alicheka sana. Mimi nilicheka mwanzoni. Ilipofika wiki ya pili ya mwezi wa nane nilikuwa sichekeshwi na chochote. Kazini nilimkaripia fundi mitambo kwa kosa langu mwenyewe. Usiku niliota yai. Mama alikwisha kufunga masanduku mawili, akaacha nje nguo za kila siku tu, na kila nilipoyapita yale masanduku kwenye ukumbi niliyaona kama watu wanaoningoja niseme kitu.

Siku moja katika wiki ile, jirani akaja na kikombe cha bati kuomba moto. Ni desturi, nani atapoteza kiberiti na nusu saa ya kupepea wakati makala ya jirani yamekwisha kuwaka? Mama akamchagulia matatu mazuri. Akiwa amesimama na kikombe chake kinachofuka, akainama nyuma ya bega langu kuangalia kompyuta.

“Eh! Njo ile?”

“Njo ile.”

Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Kisha akauliza:

“Mama Journaliste, nyota yako iko naiva?”

“Papa, tafazali.”

“Hapana, sikia. Minye siko nacheka. Shiye ku chokaa, kama tunataka kujua tanuru imepoa, hatutie mukono. Kuko nguzo nyuma ya tanuru. Tunaangalia ile nguzo kupita juu ya tanuru. Kama nguzo inacheza, moto ingali ndani, hatufungue. Kama nguzo inasimama, tunafungua.” Akaelekeza kidole kwenye kompyuta. “Hii inacheza sawa nguzo. Uko naangalia nyota kupita juu ya moto ya nani?”

Nilifuata kwa macho mstari wa bomba. Lilielekea mashariki, juu ya ukuta, mahali Zohali ilipopanda kila jioni ya kiangazi kile. Chini kabisa ya mstari huo, imekaa vizuri, makala yake yamekolea wekundu, ilikuwa mbaula ya mama.

Nimeandika habari za ajali, za mafuriko, za watu waliopotea. Najua kwamba shahidi husahau kutaja kile kilichokuwa mbele ya macho yake kila siku. Hata hivyo sikuamini. Nilifungua daftari pale pale. Upepo, moshi, umeme. Nilikuwa nimeandika hata moshi wa jalala lililokuwa linachomwa mtaa wa tatu. Mbaula haikuwapo hata mara moja. Nani aandike mbaula? Ni kama kuandika kwamba nilikuwa na miguu. Nilipohamisha darubini kutoka pembe moja hadi nyingine, mama alihamisha kiti na moto kunifuata, kila mara ukutani, kila mara mashariki, nisije nikashikwa na baridi. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kile kilichokuja na mimi.

Hapo ndipo nilipokosea kwa mdomo. Ningeweza kusema, Mama, leo tujaribu bila moto. Nilikuwa na mwezi mzima na zaidi wa mayai kichwani, nikasema mbele ya jirani:

“Mama, njo mbaula yako njo iliharibu yote!”

Jirani akaangalia kikombe chake. Mama alikunja pindo la kitenge, akashika mkono wa mbaula, akaibeba mpaka jikoni, akarudi kuchukua kiti. Alipopita karibu yangu nilisikia harufu ya makala kwenye nguo zake.

“Bon,” alisema jirani polepole. “Minye naenda na moto yangu.”

Kesho yake jioni mama hakutoka. Keshokutwa pia. Alikaa jikoni na mbaula yake, mlango umerudishwa, na nilisikia kijiti kikichokoa majivu. Niliomba samahani siku ya kwanza. Akasema haina neno. Nikaomba tena, akasema nimwache apike. Na mimi nilikuwa nje ndani ya koti la mume wangu, vidole vimekufa ganzi, nikiangalia Zohali.

Ilitulia, lakini si siku ya kwanza; siku ya kwanza umeme ulikatika na kompyuta ikazimika dakika ya pili. Ya pili moshi wa majani yanayochomwa maporini ulifunika anga mpaka nyota zikawa za kahawia. Ya tatu ikatulia. Sijui kama nitaweza kueleza. Nilichomeka kamera, nikazungusha kifundo, na kile kitu kikakaa. Mpira mdogo wa rangi ya mahindi makavu, na pete imeuzunguka, nyembamba, kamili, imesimama kama nguzo ya jirani tanuru likiwa limepoa. Niligeuka kusema, “Mama, imetulia.” Kiti hakikuwapo. Nikarekodi video saba mfululizo, nikitetemeka mimi badala yake.

Programu ilipomaliza kuzilaza picha, ulionekana hata mstari mweusi mwembamba ndani ya pete, kama uzi.

Hata kuichapisha ilikuwa vita ya karibu wiki mbili. Studio ya kwanza mjini ilinitolea Zohali ya kijani, wino mmoja umekwisha. Kijana wa pale akaniuliza kama si limau. Studio ya pili iliikata pete upande mmoja ili iingie kwenye karatasi. Ya tatu nilisimama juu ya mashine mpaka ikatoka. Siku moja tu ilikuwa imebaki.

Nilimpa mama jikoni. Aliipeleka karibu na dirisha, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

“Umepiga hapa?”

“Hapa, Mama. Juu ya ukuta wetu.”

Aliiangalia muda mrefu. “Iko na pete,” alisema. Akaenda kuvaa kitambaa cha kichwa.

Makaburini alitembea mbele yangu kati ya misalaba, picha imefungwa ndani ya kitambaa safi. Tulifagia vumbi jekundu, tukang'oa majani, tukasali. Kisha akaifungua picha na kuielekeza kwenye msalaba, kwa mikono miwili, kama anayeonyesha karatasi kwa afisa. Nikajitayarisha. Nilikuwa nimeingoja ile samahani zaidi yake, nadhani.

“Papa batoto,” alianza, jina alilomwita baba maisha yote. “Nimeleta. Ulisema nyota iko na pete. Kweli, iko na pete.” Akaileta picha karibu na macho yake, akapitisha ukucha juu ya ule mstari mweusi. “Lakini ulisema moja. Hapa ni mbili. Angalia, hii ya inje, hii ya ndani. Na bwana yake bado hatujamuona.”

“Mama!”

“Nini? Minye nasema yenye naona. Weye, mutoto ya redio, ni moja ao ni mbili?”

Nilimwambia ni pengo, linajulikana, limeandikwa vitabuni.

“Naye alisomaka mu karatasi,” alisema mama. “Minye nakuuliza weye yenye umepiga. Uliona mbili ao moja?”

Programu ile ile inayosafisha picha huweza pia kuchora mistari isiyokuwapo, kila anayefanya kazi hii anajua, na video zangu zote saba ni za jioni moja. Kama ingekuwa habari, nisingeisoma hewani kwa ushahidi ule. Nilisema sina hakika.

“Basi,” alisema mama, akaikunja picha ndani ya kitambaa. “Hatuwezi kumuomba pardon nusu nusu. Utapiga ingine.”

Nilikasirika njia nzima mpaka nyumbani. Mwezi na nusu wa baridi, studio tatu, ugomvi jikoni, na yeye ananihesabia pete. Nilikasirika wakati naosha vyombo, na nilikasirika wakati natoa darubini jua likizama, jioni ya mwisho, kwa sababu ningefanya nini kingine?

Mama alitoka baada ya kula. Alisimama mlangoni, mbaula mkononi, makala yamekwisha kuwa mekundu, mvuke wa joto unapanda mbele ya uso wake.

“Niweke wapi?”

Hakuwahi kuuliza. Nilimwonyesha magharibi, nyuma yangu, mbali na ukuta, ambako upepo ungechukua joto lote kwenda barabarani na makala yangekwisha upesi. Aliangalia mahali pale kama mtu anayeonyeshwa kiwanja kibovu. Akaweka. Akaleta kiti.

Nilielekeza bomba mashariki. Moshi wa maporini ulikuwa umerudi, mzito, kutoka upande wa Kapolowe, na pale Zohali ilipotakiwa kuwa palikuwa na wekundu tu, kama kutu. Nilingoja saa moja, kisha nyingine. Jirani alikuja na kikombe chake, akaangalia mbaula mahali ilipohamia, akaangalia kompyuta nyeusi, akachukua makala yake bila kuuliza bei ya cobalt.

“Imetulia?” mama aliuliza.

“Haionekani kabisa.”

Akasogeza kiti chake kando kidogo, nafasi ya mtu wa pili.

Nilifungua daftari, nikachora safu ya saba kwa rula, nikaandika juu yake “mbaula”, na chini yake: magharibi, hatua nne. Kwenye matokeo niliandika: moshi, hakuna kitu. Kisha nikafunga kifuniko cha bomba na kwenda kukaa naye.